Mwongozo kamili: Kupima jinsi wauguzi wa ICU wanavyozingatia tahadhari za kuzuia maambukizi, na kuziba pengo linapoonekana

Simama kando ya kitanda cha mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia na utazame kwa dakika tatu tu. Muuguzi amevaa glovu, ananyonya makohozi kwenye mrija wa koo. Kengele ya pampu ya dawa inalia upande wa pili: dawa ya kupandisha presha inakaribia kwisha. Muuguzi anaukunja mrija wa kunyonyea, ananyoosha mkono uleule na kuzima kengele, anachukua sirinji aliyoiandaa mapema, anafungua kiungio cha laini, yaani mrija wa dawa ulioingia kwenye mshipa mkubwa wa shingo, na kuunganisha sirinji mpya. Presha haikushuka. Anavua glovu, anazitupa kwenye pipa linalostahili, ananawa kwa sabuni vizuri kabisa, kisha anakwenda kuandika kwenye chati.

Ukimuuliza kama amezingatia tahadhari atajibu ndiyo, na hatakuwa anakudanganya. Glovu alivaa, mikono alinawa, taka alizitupa mahali pake. Lakini makohozi yameshafika kwenye kitufe cha pampu, ambacho mwenzake wa zamu ya usiku atakibonyeza kwa mkono mtupu. Yamefika pia kwenye kiungio kinachopeleka dawa moja kwa moja kwenye damu. Muuguzi amejikinga yeye, mgonjwa hakukingwa.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuliona jambo hilo, kulihesabu na kulirekebisha. Nimemwandikia muuguzi mfawidhi, msimamizi wa kinga na udhibiti wa maambukizi, na muuguzi yeyote anayetaka kuujua ukweli wa wodi yake. Msimamo wangu nautoa mapema ili usinishangaze mbele: wauguzi wa chumba cha wagonjwa mahututi, ambacho wengi wetu tunakiita ICU, kwa kawaida tahadhari wanazijua. Tatizo haliko kwenye kujua. Liko kwenye sekunde chache kabla ya mkono kumgusa mgonjwa, na sekunde hizo hazionekani kwenye mtihani wala kwenye dodoso.

Hatua ya 1: Jua unachokipima

Tahadhari za msingi ni zile zinazofuatwa kwa kila mgonjwa, kila saa, bila kusubiri majibu ya maabara. Wazo hili lilikua katika miaka ya 1980, VVU ilipowalazimisha watoa huduma kuichukulia damu ya kila mtu kuwa inaweza kuambukiza. Mwaka 1996 Marekani ililipanua likajumuisha majimaji yote ya mwili isipokuwa jasho, pamoja na ngozi yenye jeraha na utando laini wa macho, pua na mdomo. Ndani yake mna usafi wa mikono, vifaa vya kujikinga kulingana na kazi iliyopo, usafi wa kukohoa na kupiga chafya, sindano salama, vitu vyenye ncha kali, usafi wa vifaa na mazingira, mashuka na taka.

Usijaribu kuvipima vyote kwa wiki moja. Nimeona fomu zenye vipengele 60 zikijazwa na mwangalizi aliyechoka, na mwisho wake hakuna namba hata moja ya kuaminika. Anza na mikono na glovu. Ongeza viungio vya laini, ncha kali na usafi wa sehemu zinazoguswa mara kwa mara. Mashuka na taka utavikagua kwa macho mara moja kwa wiki, inatosha.

Kwa nini ICU kwanza? Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya wagonjwa 100 wanaolazwa katika hospitali za matibabu ya dharura na ya muda mfupi, 7 katika nchi zenye kipato kikubwa na 15 katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati hupata angalau ambukizo moja humohumo hospitalini. Kwa wagonjwa wa ICU katika nchi hizo tajiri, kiwango hicho ni karibu 30 kwa kila 100. Sababu unaiona kitandani: mrija kooni, laini shingoni, katheta kwenye kibofu, jeraha la upasuaji. Kila mrija ni mlango, na anayeshika milango hiyo mchana na usiku ni muuguzi.

Hatua ya 2: Chora mpaka wa eneo la mgonjwa

Hapa ndipo vipimo vingi vinapoharibika, kwa hiyo nenda polepole.

Chukua karatasi uchore kitanda kimoja cha wodi yako. Ndani ya duara weka mgonjwa mwenyewe, kitanda na reli zake, mashine ya kupumulia, monita, pampu, mfuko wa mkojo, na meza yake ndogo. Hilo ni eneo la mgonjwa, na vijidudu vilivyomo vichukulie kuwa ni vyake. Nje ya duara kuna troli ya dawa, kompyuta, simu, kalamu yako, mpini wa mlango, na kitanda cha jirani. Hilo ni eneo la huduma, ambalo kila mtu analigusa. Pazia na faili lililoning'inizwa miguuni mwa kitanda huleta ubishi kila mara. Amueni pamoja viko upande gani, muandike, na waangalizi wote wafuate uamuzi mmoja.

Sasa weka juu ya mchoro huo nyakati tano za usafi wa mikono za Shirika la Afya Duniani: kabla ya kumgusa mgonjwa; kabla ya kazi inayotaka usafi wa hali ya juu; baada ya hatari ya kugusa majimaji ya mwili; baada ya kumgusa mgonjwa; na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka. Mbili za kwanza zinamkinga mgonjwa. Tatu za mwisho zinamkinga muuguzi na wodi nzima. Mgawanyo huu uweke kichwani, kwa sababu hesabu yote itakayofuata imesimama juu yake.

Katika ICU, wakati wa pili ndio unaosahaulika zaidi. Unahusu kufungua kiungio cha laini, kuchoma dawa, kunyonya makohozi, kubadilisha bandeji, kumsafisha mgonjwa kinywa, kuchota dawa kwenye kichupa. Muuguzi aliyekwisha kuingia ndani ya eneo la mgonjwa huhisi kwamba mikono yake tayari "imo ndani" na haina haja ya kutakaswa tena. Lakini mkono uliotoka kwenye reli ya kitanda haufai kwenda kwenye laini, hata kama reli na laini ni za mgonjwa mmoja. Mwaka 1847 huko Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwataka madaktari na wanafunzi waliotoka kupasua maiti wasafishe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwapima wajawazito, na vifo vya wazazi katika wodi yake vikashuka sana. Alichokazania ni kabla. Sisi leo bado tunafaulu zaidi kwenye baada.

Hatua ya 3: Kagua wodi kabla hujamkagua mtu

Si haki kumhesabia muuguzi kosa la kutotakasa mikono wakati chupa ni tupu. Siku mbili kabla ya kuanza, pita kitanda kwa kitanda na ubonyeze kila chupa ya dawa ya kutakasa mikono. Usiitazame tu, ibonyeze. Andika ngapi zinatoa dawa, ngapi zimeziba, ngapi hazipo. Kisha simama pale muuguzi anaposimama akihudumia na unyooshe mkono: je, unaifikia chupa bila kupiga hatua?

Katika wodi moja niliyofanya kazi, chupa zilikuwa zimefungwa ukutani, nyuma ya mashine za kupumulia. Kwenye orodha ya vifaa kila kitanda kilikuwa na chupa yake. Ili uifikie ilibidi upenye kati ya mashine na ukuta, juu ya waya na mirija ya oksijeni. Tulikuwa tumeshafanya mafunzo mara mbili kabla ya mtu kuliona hilo.

Angalia pia dawa yenyewe. Iwe na alkoholi asilimia 60 hadi 80. Inayotengenezwa hospitalini kwa fomula za Shirika la Afya Duniani hufikia asilimia 80 ya ethanoli au 75 ya alkoholi ya isopropili. Hakikisha kuna maji yanayotiririka, sabuni na taulo za karatasi, kwa sababu mikono yenye uchafu unaoonekana, au iliyomhudumia mgonjwa mwenye kuhara kwa kimelea cha Clostridioides difficile, huoshwa kwa sabuni na maji. Alkoholi haiui mbegu za kimelea hicho. Glovu ziwepo za saizi zote, maana glovu kubwa inayoteleza humfanya mtu avae mbili. Boksi la ncha kali liwe mahali sindano inapotumika, si mwisho wa korido.

Rudia ukaguzi huo saa tisa usiku. Wodi ya mchana na ya usiku zinaweza kuwa wodi mbili tofauti.

Hatua ya 4: Andaa waangalizi na fomu

Mwangalizi awe mtu anayeijua kazi ya ICU, maana asiyejua laini na mrija hataona wakati wa pili ukipita. Wafundishe wawili au watatu. Wasimame pamoja, watazame kitanda kimoja, kila mmoja ajaze fomu yake, kisha mzilinganishe mstari kwa mstari. Mkitofautiana, msikimbilie kupiga kura. Rudini kwenye mchoro wa eneo la mgonjwa mjadiliane mpaka muelewe. Anzeni kipimo halisi pale tu mnapokubaliana karibu kila mara.

Fomu iwe ukurasa mmoja: tarehe, zamu, kada ya mtu, wakati gani kati ya tano, alichofanya (alitumia alkoholi, alinawa kwa maji, hakufanya kitu), na kama alikuwa na glovu. Jina la muuguzi lisiwepo. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu nimeona fomu yenye majina ikifika kwenye kikao cha nidhamu. Baada ya hapo hakuna muuguzi aliyefanya kazi kwa uhuru mbele ya mwangalizi, na namba zote zikawa za maonyesho.

Waambieni wafanyakazi kwamba mnapima na kwa nini. Kila kipindi kiwe cha dakika 20 hivi, mwangalizi asifuatilie watu zaidi ya watatu kwa wakati mmoja. Lengo ni kukusanya fursa 200 kwa wodi katika kila awamu ya upimaji. Fursa ni kila nafasi ambapo mikono ilipaswa kutakaswa. Gawanyeni vipindi: asubuhi wakati wa kuwaogesha wagonjwa, makabidhiano ya zamu, usiku wa manane, wikendi, na saa ya kupokea mgonjwa kutoka chumba cha upasuaji. Ukipima saa nne asubuhi peke yake, umepima saa nne asubuhi.

Bila shaka watu hubadilika wakitazamwa. Watafiti huliita jambo hili kwa jina la kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago, kulikofanyika majaribio juu ya wafanyakazi kuanzia miaka ya 1920. Huwezi kuliondoa kabisa, lakini unaweza kulipunguza: kaa mahali pamoja, usizunguke na ubao mkononi, na uje mara nyingi mpaka wakuzoee. Tafuta pia ushahidi usiotegemea macho ya mtu. Pima lita za dawa ya kutakasa mikono zinazotumika. Kigezo kinachotajwa mara nyingi ni lita 20 kwa siku-wagonjwa 1,000 (mgonjwa mmoja akilazwa kwa siku moja ni siku-mgonjwa moja). Kifanyie hesabu: ni mililita 20 kwa mgonjwa mmoja kwa saa 24, na ukitumia mililita 3 kila mara, ni mara sita au saba tu kwa siku nzima. Kwa hospitali kwa ujumla huo ni mwanzo. Kwa mgonjwa wa ICU, anayeshikwa mara nyingi kuliko hivyo ndani ya saa moja, ni kidogo mno. Wodi yako ikiripoti uzingatiaji wa asilimia 90 huku ikitumia mililita 20 kwa mgonjwa kwa siku, kipimo kimoja kati ya hivyo viwili si sahihi.

Hatua ya 5: Tazama na uhesabu

Rudi kwa muuguzi wetu wa mwanzo. Alimaliza kunyonya makohozi akaenda kwenye pampu: hapo palikuwa na fursa, baada ya majimaji ya mwili, na hakuitumia. Kutoka kwenye pampu akaenda kufungua laini: fursa nyingine, kabla ya kazi ya usafi wa hali ya juu, hakuitumia. Alipovua glovu na kuondoka alinawa: fursa ya tatu, aliitumia. Fursa tatu, kitendo kimoja, asilimia 33. Mtu huyohuyo kwenye dodoso angejipa alama zote.

Kanuni za kuhesabu ni chache lakini hazina msamaha. Andika ulichokiona kwa macho, usikisie. Kama pazia lilikuziba, fursa hiyo haipo. Glovu hazihesabiki kuwa usafi wa mikono. Aliyevaa glovu bila kutakasa mikono mahali palipotakiwa, amekosa fursa. Aliyehama na glovu zilezile kutoka kazi chafu kwenda kazi safi, amekosa. Nyakati mbili zikikutana, kwa mfano ametoka kwa mgonjwa mmoja moja kwa moja hadi kwa mwingine, ni fursa moja tu, na kitendo kimoja kinatosha.

Muda wa kusugua ni sekunde 20 hadi 30 kwa alkoholi, na sekunde 40 hadi 60 kwa jumla ya kunawa kwa sabuni na maji. Kama mna nguvu ya kupima ubora, tazameni ncha za vidole na kidole gumba. Watu husugua viganja kwa bidii, na vidole gumba vinabaki vikavu.

Mwangalizi ni mtumishi wa afya kwanza. Ukiona sindano inataka kumchoma mtu, au laini inataka kufunguliwa kwa mkono wenye damu, weka fomu chini na useme. Mgonjwa akibadilika ghafla na watu wakaanza kufufua, funga kipindi na usaidie au upishe.

Hatua ya 6: Soma namba zako kwa kuzigawanya

Gawanya vitendo kwa fursa, zidisha kwa 100. Tuchukue mfano wa kujifunzia, si wa wodi yoyote: fursa 200, vitendo 124, asilimia 62. Mkuu wa idara ataifurahia, kwa sababu wastani ulioripotiwa katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009, kutoka tafiti nyingi zilizofanyika kabla ya juhudi zozote za kuboresha, ulikuwa chini ya asilimia 40.

Usiishie hapo. Gawanya. Kabla ya kumgusa mgonjwa: 18 kati ya 40. Kabla ya kazi ya usafi wa hali ya juu: 12 kati ya 30. Baada ya majimaji ya mwili: 30 kati ya 35. Baada ya mgonjwa: 41 kati ya 50. Baada ya vitu vinavyomzunguka: 23 kati ya 45. Sasa picha nyingine inatokea. Nyakati mbili zinazomkinga mgonjwa zina vitendo 30 kati ya fursa 70, asilimia 43. Baada ya kugusa majimaji au mgonjwa ni 71 kati ya 85, karibu asilimia 84. Asilimia 62 iliuficha ukweli wa muhimu kuliko yote.

Gawanya pia kwa zamu na kwa kada, lakini kuwa mwangalifu na makundi madogo. Fursa 30 zikibadilika moja tu, asilimia inaruka zaidi ya 3. Usimsifu wala kumlaumu mtu kwa tofauti kama hiyo.

Hatua ya 7: Pima yale yasiyo mikono

Glovu kwanza, kwa sababu ndizo zinazotudanganya zaidi. Hesabu mambo mawili: zilizovaliwa bila sababu, na zilizobaki mkononi baada ya kazi yake kwisha. Muuguzi anayeandika chati akiwa na glovu hajiongezei usalama wowote; ananyima kalamu, kompyuta na simu usalama wao. Glovu inaweza kuwa na tundu usiloliona, na wakati wa kuivua mkono huchafuka kwa urahisi, ndiyo maana mikono hutakaswa hata baada ya kuivua.

Kwenye viungio vya laini, tazama kama kimesuguliwa kwa alkoholi au klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu) kabla ya kufunguliwa. Wodi nyingi hutumia sekunde 15 pamoja na kuacha kikauke. Kupangusa mara moja kwa haraka si kusugua.

Ncha kali: hesabu sindano zilizorudishiwa kifuniko, maboksi yaliyopita robo tatu, na sindano zilizosahaulika kitandani. Sindano yenye damu ya mtu mwenye homa ya ini B inaweza kumwambukiza asiyechanjwa kwa uwezekano unaofika asilimia 30. Kwa VVU ni takriban asilimia 0.3. Aliyechomwa aoshe kwa sabuni na maji, asikamue, atoe taarifa papo hapo. Dawa za kuzuia VVU zianze mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita. Waulize wauguzi wangapi wamewahi kuchomwa, kisha ulinganishe na rejista. Rejista ikiwa tupu na mikono ikainuliwa, una tatizo la hofu, na linastahili kikao chake.

Mazingira: kimelea kama Acinetobacter huweza kuishi kwenye sehemu kavu kwa siku nyingi, hata miezi. Paka alama ndogo ya jeli inayong'aa chini ya taa maalumu kwenye reli, vitufe vya pampu, skrini ya monita na mpini wa droo, bila kutangaza. Kesho yake mulika uone zipi zimefutwa. Mara nyingi utakuta sakafu inameta na kitufe cha pampu hakijaguswa, kwa sababu mhudumu wa usafi ameambiwa asiguse mashine na muuguzi anadhani ni kazi ya mhudumu. Andikeni nani anafuta nini.

Hatua ya 8: Tumia dodoso kwa kazi yake

Dodoso la mtu kujipima mwenyewe ni rahisi na linapendwa. Litumie, lakini usiliite kipimo cha uzingatiaji, kwa sababu watu hujipa alama za juu kuliko mwangalizi anavyoona. Lina thamani kwenye kutafuta sababu. Badala ya kuuliza "je, unatakasa mikono kabla ya kumgusa mgonjwa?", uliza: "Mara ya mwisho uliyoruka kutakasa mikono, ulikuwa unafanya nini, na nini kilikuzuia?" Jibu la kwanza utapata "kazi ni nyingi". Endelea kuuliza. Utasikia kwamba dawa inachoma vidole vilivyopasuka, kwamba glovu haziingii kwenye mikono yenye unyevu, kwamba daktari bingwa mwenyewe hafanyi.

Hatua ya 9: Tafuta sababu kwa saa, si kwa hisia

"Kazi ni nyingi" ni kweli, kwa hiyo ipime. Muuguzi wa ICU anaweza kukutana na fursa 20 na zaidi ndani ya saa moja. Kwa alkoholi, sekunde 30 kila moja, ni dakika 10. Kwa sabuni na maji, ukijumlisha mwendo wa kwenda kwenye sinki na kurudi, ni dakika 20 au zaidi. Hakuna mtu atakayetoa theluthi ya saa yake kwenye sinki huku kengele mbili zinalia. Ukiwa na wagonjwa watatu badala ya mmoja, hesabu inazidi kuvunjika, na hilo mwambie mwajiri kwa namba hizohizo.

Lakini kuna dawa iliyo mikononi mwetu, nayo ni mpangilio wa kazi. Panga kazi za mgonjwa mmoja kutoka safi kwenda chafu. Anza na dawa za kwenye laini, kisha bandeji, kisha macho na kinywa, halafu kunyonya makohozi, na mwisho kumwaga mkojo. Andaa sirinji zote kabla hujaanza. Angalia pampu zitaisha lini kabla ya kuvaa glovu za kunyonyea. Ukiona moja imebaki na dakika tano, ibadilishe kwanza. Muuguzi wetu wa mwanzo angefanya hivyo, kengele isingelia. Mpangilio mzuri hupunguza idadi ya fursa zenyewe, na huo ni msaada mkubwa kuliko bango lolote ukutani.

Hatua ya 10: Rudisha matokeo, na mzoee kuambiana

Matokeo yarudi wodini ndani ya wiki, kwenye makabidhiano, kwa dakika tano. Onyesha nyakati tano zikiwa zimegawanywa. Simulia tukio moja uliloliona, bila jina. Kisha nyamaza, uwaache waseme.

Kubalianeni neno moja la kukumbushana. Liwe fupi, lisilo na hukumu, na jibu lake liwe limeshaamuliwa. "Sista, mikono." "Asante." Basi, kazi inaendelea. Bila makubaliano hayo, mdogo hatamwambia mkubwa, na muuguzi hatamwambia daktari. Katika ICU za jimbo la Michigan nchini Marekani, mradi ulioongozwa na daktari Peter Pronovost uliwapa wauguzi mamlaka ya kusimamisha uwekaji wa laini pale hatua ya usafi iliporukwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba ndani ya miezi mitatu kiwango cha kati cha maambukizi ya damu yatokanayo na laini kilishuka kutoka 2.7 kwa kila siku 1,000 za laini (laini moja ikikaa mwilini siku moja ni siku moja ya laini) hadi sifuri. Hatua zenyewe zilikuwa tano na hazikuwa ngeni kwa mtu yeyote. Kipya kilikuwa ni nani aliyeruhusiwa kusema "subiri".

Hatua ya 11: Rekebisha kimoja, pima tena

Chagua pengo moja. Kwa wodi nyingi litakuwa wakati wa pili. Hamisha chupa hadi reli ya kitanda au nguzo ya pampu. Weka vitambaa vya alkoholi palepale laini inapofunguliwa. Toa losheni ya mikono. Badilisha mpangilio wa kazi za asubuhi kwa kitanda kimoja kwa wiki moja, mrekebishe, kisha vitanda vyote. Mafunzo yafanyike kitandani, mkono kwa mkono, si ukumbini.

Usitegemee muujiza wa mwezi mmoja. Katika hospitali ya chuo kikuu ya Geneva, Uswisi, chini ya daktari Didier Pittet, uzingatiaji wa hospitali nzima ulitoka asilimia 48 mwaka 1994 hadi 66 mwaka 1997, na wagonjwa wenye maambukizi ya hospitalini walipungua kutoka asilimia 16.9 mwaka 1994 hadi 9.9 mwaka 1998. Miaka mitatu, na hawakufika hata 70, lakini kwa wagonjwa tofauti ilionekana.

Baada ya miezi mitatu pima tena kwa fomu ileile, mchoro uleule, saa zilezile, fursa 200. Kwanza fungua safu ya wakati wa pili. Kama katika fursa 30 vitendo vimetoka 12 hadi 20, waambie wauguzi wa usiku usiku huohuo, kabla ripoti haijapanda juu.